Siku Nilipoziba Pumzi ya Gari

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa Garsen nzima inaijua hadithi hii na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, heri niisimulie mwenyewe, angalau mjue ni wapi nilikuwa mjinga kweli na ni wapi nimesingiziwa.

Nina gari kuukuu la dizeli, van ya aina ile ambayo injini imelazwa chini ya viti vya mbele (ukikaa hapo mchana unaiva kama mkate), na gari hilo lilikuwa linavuja oili. Si sana, matone tu, ila matone yenyewe yalichagua kuanguka pabaya, uani kwa Mama Esta, mamake mchumba wangu, mwanamke anayefagia mchanga wake mpaka mistari ya ufagio inahesabika. Alipokuta doa jeusi kwa mara ya tatu aliniambia bila kucheka, "Komora, hili gari lako likija kwangu ni lazima likojoe. Mtu aliyeshindwa kutunza gari, mke atamtunzaje?" Sasa, tarehe ya posa ilikuwa bado haijapangwa, na mwenye kuipanga alikuwa yeye huyo huyo kwa sababu babake Esta alishafariki, kwa hivyo nilielewa kwamba ndoa yangu ndiyo inayodondoka pale mchangani, tone kwa tone.

Ijumaa nikampelekea fundi Guyo. Akalala chini, akachungulia, akasema, "Hii oili unaiona chini lakini inatoka juu. Gasketi ya kifuniko imechoka, oili inateremka na mgongo wa injini. Niachie mpaka Jumatatu, tuioshe kwanza, tuiwashe, tuone inaanzia wapi." Hayo ni maneno ya mtu anayejua kazi. Lakini Jumapili Mama Esta alikuwa anasimikwa kuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani Ngao, na mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimeshajitolea kumpeleka, basi nikamwambia Guyo nitarudi, nikaondoka na gari langu.

Jumamosi nikainua kiti, nikamulika na simu, nikaona kibomba cha mpira kimelowa oili mdomoni na kiko wazi kabisa, hakina kizibo wala nini. (Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini waliounda gari waliacha bomba wazi miaka yote hiyo, lakini mimi siku hiyo nilikuwa nimewazidi.) Nikakata kipande cha kandambili, nikakichonga, nikakishindilia mle ndani, nikakaza kwa waya. Nikawasha gari dakika mbili, nikazima, nikatandika katoni chini. Asubuhi katoni ilikuwa kavu, na nilijipongeza kwa sauti, peke yangu, nikiwa nimeshika mswaki.

Mama Esta alitoka na gauni jeupe na kilemba cheupe, vimepigwa pasi hadi vinasimama vyenyewe. Kwa heshima nikamkalisha mbele, yaani juu ya injini.

Tulipokaribia Tarasaa akaniuliza, "Mwanangu, mbona hiki kiti ni cha moto hivi?"

"Ni dizeli, mama, ndiyo kawaida yake."

"Na hii harufu?"

"Hata hiyo."

"Na kule kuvuja?"

"Nimekukomesha, mama."

Sikumaliza hata kulifurahia jibu langu, nikasikia kitu kimefyatuka chini yake, pu, moshi mwembamba ukachungulia pembeni mwa kiti. Nikaongeza sauti ya kwaya redioni.

Tulipofika Ngao akashuka, akanipa mgongo, na hapo nikaliona: doa jeusi, la mviringo, upana wa sinia, mahali pale pale mtu anapokalia.

Jamani, kwetu mkwe hata usoni humkazii macho, sembuse huko. Nikaamua kumfuata kwa nyuma hatua kwa hatua nimkinge, tukaingia kanisani nimemgandama hivyo, watu wakageuza shingo, mzee mmoja wa kanisa akanishika bega na kuninong'oneza, "Ndugu, wanaume wanakaa upande ule." Nikaenda upande ule. (Ndiyo, ningeweza kumnong'oneza mama yeyote pale mlangoni akamsitiri. Niliogopa wataniuliza oili imetoka wapi.)

Wakamwita mbele. Akapiga magoti kuelekea madhabahuni, na kanisa zima likasoma kazi yangu. Kuna waliokohoa, kuna waliocheka waziwazi, hadi bibi mmoja alipoondoka mbio na leso akamfunga kiunoni. Mama Esta alijishika nyuma, akautazama mkono wake, kisha akala kiapo chake chote bila sauti kutetemeka.

Baadaye alinikuta nje nimesimama kando ya dimbwi la oili.

"Nguo itafuliwa," alisema. "Niambie jambo moja tu. Uliliona tuliposhuka?"

"Nililiona, mama."

"Ukanyamaza."

"Niliona haya."

"Na siku binti yangu akiungua nyumbani kwako, utaona haya kupiga kelele?"

Alirudi Garsen kwa pikipiki, na mimi nikavutwa kwa kamba. Jumatatu Guyo alikichomoa kile kipande cha kandambili akakigeuzageuza mkononi. "Injini inapumua, bana," akasema. "Umeiziba pua, ikarusha fimbo ya kupimia oili na kutapika hapo hapo." Gasketi yenyewe aliibadilisha kwa saa moja.

Nilimwendea Mama Esta nikamweleza yote bila kuficha, naye akasema posa ingoje kwanza nijifunze kusema. Basi nimeapa: sizibi kitu nisichojua kazi yake, na nikimwona mtu ameharibikiwa namwambia papo hapo, awe mkwe awe nani. Wiki iliyopita nilimwambia mchungaji, akiwa anaelekea mimbarini, kwamba zipu yake iko wazi. Hakufurahi hata kidogo. Lakini habari zilipomfikia Mama Esta alicheka hadi akaketi chini, kisha akanipigia simu kuniuliza wazee wangu wanaweza kufika lini.