Nilipaka Rangi ya Kijani Mahali pa Kifo

Admin, nakuomba unifichie jina, kijiji chenyewe ni kidogo. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nimemaliza shahada ya pili hapa Morogoro mjini. Utafiti wangu ulihusu maporomoko ya udongo huko milima ya Uluguru. Watu kule walishachoka kujazishwa madodoso, nikaona tutengeneze mchezo pamoja. Tukachora kijiji chao kwenye turubai, kete zikawa maharage, mvua tukaiamua kwa kurusha dadu. Walifurahi jamani! Wazee wanabishana, wanacheka, nami naandika.

Siku ya kupaka rangi, nyumba ya mwenyeji wangu, Mama Rozi, iliangukia kwenye nyekundu, penye hatari; kijani ilikuwa ya penye usalama. Mumewe akaweka kidole upande wa pili wa korongo. "Huku nako msiweke kijani, mwalimu. Udongo wake haushiki." Nikamjibu mbele ya watu, "Baba, ramani inaonyesha ni salama." Ukweli sikuwahi kukanyaga pale. Ramani niliitoa kwenye kompyuta. Nikapaka kijani.

Mama Rozi akaniamini. Alimsihi mumewe mpaka wakahamia ng'ambo ile. Masika yalipokolea, udongo ukashuka mchana kweupe. Mama Rozi alikuwa shambani. Mumewe alikuwa ndani.

Nilipanda kwenda kuzika. Baada ya maziko, mama wa marehemu akasimama akamnyooshea mkwewe kidole: "Mwanangu alikataa, wewe ukamlazimisha. Umemuua!" Mama Rozi akageuka, akanitazama. Nikainamisha kichwa. Sikusema neno, ndugu zangu. Hata moja.

Msimamizi wangu nilipomweleza akasema, "Hilo usiliandike, utachelewa kumaliza." Sikuliandika. Nimefaulu, na mchezo unasifiwa chuoni.

Mwezi uliopita nilimfuata Mama Rozi huko Dakawa, anakopandikiza mpunga kwenye mashamba ya watu. Kijijini alishindwa kukaa, hata salamu zake zilikuwa haziitikiwi. Nikampigia magoti kwenye tope, nikamwambia yote. Hakunitukana. Alisema, "Mwanangu, ungesema siku ile. Mama mkwe tumeshamzika, amekufa akijua mimi ndiye muuaji. Sasa utakwenda kumwambia nani?"

Akainama, akaendelea kupandikiza.

Silali, sili. Nikienda kijijini kusema sasa, itamsaidia nini? Na nikinyamaza, nitaishije? Nishaurini, hata kama ni kwa kunitukana. Nifanye nini?