Bango la Soko la Zombe

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya afya, yale ya kuwaambia watu wanawe mikono na walale ndani ya neti. Naipenda, na nakiri nina kiburi nayo. Mwaka ule tulipewa kazi ya kuwaonya wakulima wa Kitui na Makueni juu ya sumu ya ukungu inayoingia kwenye mahindi yakianikwa chini, kwenye udongo. Mimi nilikuwa na woga wangu mwenyewe. Mama yangu anaishi Zombe, na ameanika mahindi kwenye udongo tangu nilipokuwa mgongoni mwake. Nikimwonya kwa simu hukubali haraka, kisha hunieleza habari za mbuzi.

Basi niliandika kana kwamba namwandikia yeye. Wenzangu wa ofisini kule mjini Salama walitaka picha ya fuvu. Nikabishana nao asubuhi nzima hadi wakachoka. Tukachora hindi lililooza, tukalikata kwa mstari mwekundu, na chini yake: USIANIKE MAHINDI CHINI. SUMU YAKE HAIONEKANI. Bango lenyewe, la plastiki nzito, likatobolewa matundu ya kupitisha upepo, likatundikwa kwenye uzio wa soko la Zombe.

Halikumaliza wiki. La pili tulilifunga kwa waya. Waya tuliukuta, bango hatukulikuta.

Nilikasirika mpaka chakula kikakosa ladha. Niliwaambia wenzangu kwamba watu wa kwetu ni vichwa vigumu, na kwamba huwezi kumwokoa mtu anayeiba onyo lake mwenyewe. Nikafunga safari kwenda kuuliza sokoni, lakini kwanza nikapita nyumbani kumsalimu mama.

Alikuwa uani, ameinama, anageuza mahindi kwa mkono. Mahindi yalikuwa juu ya bango langu. Mstari mwekundu ulionekana kila alipoyasogeza. Yale matundu ya upepo yote alikuwa ameyaziba kwa vipande vya gunia, akayashona kwa uzi, mshono mdogo mdogo.

Nilisema, kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka, kwamba lile bango ni la ofisi na liliwekwa pale lisomwe. Mama hakuacha kugeuza mahindi.

"Nililisoma," akasema. "Mliandika tusianike chini. Hamkuandika tuanike wapi."

Nikamjibu kwamba kila mtu anajua dawa yake ni turubai.

"Turubai nilitaka kukuomba tangu mwaka jana. Nikaona uko na kazi mingi ya kutufundisha."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniambia la pili liko kwa jirani yake mjane, na kwamba wanaazimana, anayevuna kwanza anaanza na yote mawili. Niliona aibu. Kwa miezi mingi nilikuwa nimetafuta maneno ya kumgeuza mama, na sikuwahi kumuuliza amekosa nini.

Mawingu yalianza kujikusanya. Tulikuwa tumepiga magoti, tunayakusanya mahindi katikati ya bango, mkubwa wangu alipopiga simu kuuliza kama limepatikana. Nikamwambia limepatikana, na linafanya kazi.

"Tuchapishe mengine," nikaongeza, "lakini safari hii tusiyatoboe."