Wa Tatu Aliyebaki Juu

Mageni alikuwa na mikono ya kutoa fahali matopeni, lakini kuingia shimoni mwenyewe, thubutu! Kwenye duara lao, shimo la kuchimbia dhahabu kule Rwamgasa, yeye ni mtu wa juu: anazungusha winchi, anashusha wenzake, anapandisha mifuko ya mawe. Chini huenda Benjamini na Masudi. Wanaongea kwa kamba. Ikivutwa mara moja, simama. Mara mbili, pandisha. Miaka yote hiyo Mageni hajawahi kukosea.

Jumapili moja, kwenye banda la video, waliwekewa historia ya safari za mwezini. Wakamwona Mrusi wa kwanza kuizunguka dunia. Wakaonyeshwa Wamarekani watatu walioungulia ndani ya chombo kikiwa bado ardhini, kwenye majaribio tu, mlango ukigoma kufunguka. Mchimbaji haelezwi habari za mlango usiofunguka. Baadaye wakaenda watatu wengine. Wawili wakashuka mwezini, wa tatu akabaki juu na chombo cha kurudia, na kila akizungukia nyuma ya mwezi, redio inakatika, hasikii mtu.

"Mageni huyo!" Masudi akapiga kelele. "Safari yote ile, na mwezi hajaukanyaga!"

Watu wakavunjika mbavu. Mageni naye akacheka, maana ilikuwa kweli.

Serafina, mke wa Benjamini, hakucheka. "Sasa shemeji, hao wa chini wakishindwa kupanda, wa juu anafanyaje?"

"Anarudi peke yake, Mama Limi. Atafanyaje?"

Wale wawili walipanda salama, filamu ikaisha, watu wakaenda kula.

Alhamisi, baada ya mvua ya usiku kucha, kamba ilivutwa mara moja. Mageni akasimamisha winchi. Hapohapo ardhi ikanguruma chini ya miguu yake, duara likatitia, vumbi likapanda hadi usoni. Akasubiri mvuto mwingine. Haukuja. Akazungusha winchi kwa nguvu zote. Kamba ilikuwa imebanwa na kifusi, ikakaza, ikagoma. Akaita majina yao mpaka sauti ikamkauka.

Akajifunga kamba nyingine kiunoni ashuke, yeye aliyeogopa shimo maisha yake yote. Watu wakamkamata. Kingo zilikuwa bado zinamomonyoka, na msimamizi wa machimbo alikataza hata koleo lisisogezwe mpaka waokoaji wafike kutoka Geita, na barabara ilikuwa tope tupu. Maji yalikuwa yamezidi unga. Mageni akaitazama mikono yake, mikubwa, mizima, akaichukia.

Serafina akafika na hotpoti ya chakula cha mchana, hajaiweka chini. Watu wakampisha. Hakupiga yowe. Alichuchumaa karibu na winchi, akaigusa ile kamba iliyobanwa.

"Shemeji," akasema taratibu, "usirudi peke yako."

Mageni akaishika kamba ile, akisubiri ivutwe.