Mashine Niliyonunua Ili Mke Wangu Arudi Chumbani

Aibu hii ilinipata mbele ya mchungaji, wakwe, kwaya na watu wa Kikwe ambao wengine hata siwajui, kwa hiyo sioni faida ya kuificha, maana ukiisikia kwao utaambiwa nilikufa nikafufuka. Sikufa. Nilikuwa nimelala. Bora niseme mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Kikatiti, nauza pampu za maji na spea zake, shule niliishia darasa la nne, na duka nililonalo na nyumba ya matofali ninayolala sikupewa na mtu. Sisemi hivyo kwa kujisifu (au tuseme najisifu kidogo, nimefanya kazi), nasema ili mjue kwamba habari za mashine siambiwi na mtu. Pampu ikinguruma nakwambia beringi imekwisha kabla hujaizima. Ujuzi huo ndio ulioniponza, huo na jambo jingine ambalo ni gumu kidogo kulisema.

Jambo lenyewe ni kwamba mke wangu, Mama Elirehema, alikuwa halali tena chumbani kwetu. Alianza kwa kuhamia chumba cha wageni akisingizia joto, halafu Elirehema, binti yetu mkubwa aliyeolewa Kikwe, akajifungua mtoto wa mwisho, mama yake akaenda kulea uzazi, na huo uzazi ukawa hauishi. Mtoto akakaa, akatambaa, akaanza kufukuza kuku, bibi bado analea. Watu wakiniuliza nasema yuko kwa binti, wananipa hongera, napokea. Lakini nilijua ananikimbia, na nilijua anakimbia nini, kwa sababu nakoroma, watoto wangu wote wamekua wakiniigiza mezani nikiwa nimetoka.

Hamjui nyumba inavyokuwa. Kitanda kile nilichongesha mimi, ningeweza kujitandaza katikati kama chifu, lakini nilijibana upande wangu wa ukutani vilevile, ule wake nikauacha, shuka limenyooka. Nilikuwa nakumbuka vitu vya kijinga. Alikuwa akishuka kitandani alfajiri ananikanyaga mguu na haombi radhi, kwa miaka yote hajawahi kuomba radhi, basi ukinikuta asubuhi nimekaa namwaza mke wangu, nawaza mguu kukanyagwa. Na anavyomgombeza ng'ombe kwa Kimeru wakati wa kukamua, utadhani ni wifi yake. Huyo ng'ombe sasa alikuwa anakamuliwa na jirani, kwa adabu, na hata maziwa niliona hayana ladha.

Mchana nako nikawa nasinzia hovyo. Nilisinzia kaunta mteja akachukua gasketi, akaniwekea hela kiganjani, akaondoka. Nilipokwenda kwa daktari mjini nikalala kwenye benchi la kusubiri, akatoka mwenyewe kunitazama, akasema mzee hata usieleze sana. Wakanipima, wakaniambia nikilala koo linajifunga, pumzi inakatika, kisha inarudi kwa kishindo, na ndiyo maana kila siku naamka nimechoka kama niliyelima. Dawa yake ni mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha. Akaniandikia kipimo cha msukumo kwenye karatasi, nikaenda kutafuta muuzaji.

Duka la kwanza liko mjini Arusha, la familia ya Kihindi ambayo naifahamu, maana kwa babu yao nilikuwa nachukua spea nikiwa kijana. Siku hizi yupo mjukuu, mwanamke wa makamo, Kiswahili chake ni cha hapa hapa. Aliisoma karatasi ya daktari vizuri, akatoa barakoa za kila saizi, akataka kunipima pua (pua yangu, mtu na wajukuu, mbele ya wateja). Hilo nililivumilia. Halafu akaniuliza, "Mzee, nani analala na wewe?"

Nikamwambia kwani unauza mashine au unafungisha ndoa.

Akacheka, lakini hakuacha. "Nauza mashine. Ila ukilala hujioni. Barakoa ikivuja wewe hutajua, atajua mwenzako. Njoo na mama nimwelekeze, ndipo nikuuzie."

Sasa hapo ningemwambiaje? Ningesema mama halali na mimi? Mtu mzima, dukani, mbele ya watu waliokuja kununua vipimo vya presha? Nikasema mama amesafiri. Akasema basi nitakusubiri arudi, hakuna haraka. Alivyosema "arudi" ilinichoma, nikachukua kofia yangu nikatoka bila kuaga. Huo ndio uamuzi mdogo ulionipeleka nilikokwenda.

Nilikwenda Elerai, kwa jamaa mmoja anayeuza vitanda vya hospitali, magongo na viti vya magurudumu vilivyotumika. Yule alipoona mzee anaingia alinyanyuka, shikamoo mzee wangu, akanipa kiti chake, akaagiza soda. Hakuniuliza nalala na nani. Hakuuliza hata karatasi ya daktari, nayo ikabaki mfukoni. Alinipangia mashine mezani nikazichagua ninavyochagua pampu, naziba bomba kwa kiganja nasikiliza nguvu, nikachukua ile yenye upepo mkali kuliko zote, nikamwambia aifungulie mpaka mwisho, ya nini kununua nguvu halafu uitumie nusu. Barakoa ilikuwa ya pua, ndogo kidogo, na kibanio chake cha nyuma kimevunjika. Jamaa akasema hicho kitu kidogo mzee wangu. Na kweli nilipofika Kikatiti nilikata kipande cha mpira wa baiskeli nikaweka badala yake, fundo langu lile la kufungia mizigo, halifunguki hata lori lipinduke. Nikajaribu mara moja. Upepo ukaniingia mpaka tumboni, nikavimba, nikajisemea nitazoea.

Jumapili iliyofuata ilikuwa kipaimara cha Aneth, binti wa kwanza wa Elirehema. Nikapanga mambo. Babu lazima atapewa kipaza sauti aseme neno, basi nikishambariki mtoto nitageuka niseme Mama Elirehema, kazi ya uzazi imekwisha, na ule ugonjwa wangu nimeupatia mashine, iko kwenye gari, twende nyumbani. Nilifikiri mbele ya watu hatanikatalia. Oneni akili.

Nilifika Kikwe na suti. Yeye alikuwa upande wa jikoni na akina mama wenzake wamevaa kitenge cha sare, anageuza ndizi kwenye sufuria kubwa, na moshi ukimjia anafumba jicho moja kama alivyokuwa anafanya tukiwa hatuna hata nyumba. Alinijia na maji ya kunawa. Akasema, "Karibu, Baba Elirehema." Akanimiminia, akanipa taulo, akarudi jikoni. Karibu! Mke wangu ananikaribisha kama mgeni aliyetoka Moshi. Nilikula, nikashiba, sijui nilikula nini.

Baada ya chakula usingizi ukaja, ule usioomba ruhusa. Niko meza kuu, kulia kwangu mchungaji, kushoto baba mkwe wa Elirehema, mzee Eliakimu, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko shamba lake. Nikaona nikikoroma hapa nimekwisha, na hotuba yangu imekwisha. Nikanyanyuka kama naenda msalani, nikachukua mashine kwenye gari, nikaingia sebuleni kwa binti yangu, nikachomeka umeme, nikafunga fundo langu kisogoni, nikajinyoosha kwenye kochi nipumzike kidogo tu niamke na akili. Mikono nikaiweka kifuani ili suti isijikunje.

Kumbe zawadi zikishatolewa zinaletwa kuwekwa sebuleni. Akina mama wakaja kwa kucheza, mabeseni kichwani, wakiongozwa na dada yake mzee Eliakimu, naye akafungua mlango kwa kiuno, akakuta mzee kwenye suti amelala chali, mikono kifuani, mpira puani, na mashine inavuma. Huku kwetu mtu tukimwona na mpira puani tumemwona hospitali, na wengi wa hao hatukuwaona tena. Beseni likaanguka. Alirudi nje anasema babu yuko kwenye oksijeni, na neno hilo lilipofika jikoni nilikuwa mahututi, lilipofika hemani nilikuwa nimeshakufa. Mshereheshaji akazima muziki, akatangaza watu watulie, litafutwe gari. Kwaya hawakungoja gari, waliingia moja kwa moja kwenye nyimbo za msibani.

Mimi nilishtushwa na mkono wa mchungaji kwenye paji la uso. Alikuwa ananiombea safari njema. Nikafungua mdomo niseme mimi mzima, na wanaoijua mashine hii wanajua kosa nililofanya, maana hewa inaingia puani, ukifungua mdomo yote inatokea huko, na haikutoka sauti ya mtu, ilitoka sauti kama ya dume linalokabwa. Mtu akasema anakata roho. Nikashika mpira nivue, fundo likakataa, nikavuta kwa nguvu, na kadiri nilivyovuta ndivyo walivyonishika mikono, wananiambia tulia mzee, tulia, usipigane nayo. Mzee Eliakimu alinikalia miguu. Aliyeniokoa ni Elirehema, alikuja na kisu cha keki, utepe bado umefungwa kwenye mpini, akakata ule mpira wa baiskeli. Barakoa ikaangukia sakafuni ikawa inapiga kelele yenyewe mpaka mtu akachomoa waya.

Mtu mwenye akili hapo angesema samahani nilikuwa nimelala. Mimi nikakaa, nikanyoosha tai, nikasema kwa sauti, "Mimi si mgonjwa. Hii nimeinunua ili mke wangu arudi tulale chumba kimoja."

Nilijisikia mwenyewe nikisema. Wakwe wote ndani, dirishani vichwa vimejaa. Ile siri niliyoilinda kwa kila aliyeniuliza, niliyoilinda mpaka nikakimbia duka, nimeitangaza kwenye kipaimara. Wa kwanza kucheka alikuwa mzee Eliakimu, bado kanikalia miguu, nikausikia mguu wangu unatikisika kwa kicheko cha mtu mwingine. Aneth alikuwa mlangoni na gauni lake jeupe analia, na nyuma yake alikuwa mke wangu.

Yeye hakucheka. Mikono ilikuwa na utomvu wa ndizi. Mchungaji akaanza kuwasogeza watu nje, wakasogea lakini hawakwenda mbali.

"Nani alikwambia nimekimbia kukoroma?" akauliza.

Nikasema kwani si kila mtu anajua nakoroma?

"Ukikoroma nalala," akasema. "Nimelala na kelele zako tangu Elirehema hajazaliwa. Ni pale unaponyamaza, Baba Elirehema. Unanyamaza, mimi naamka, nangoja. Nakutikisa, unavuta pumzi, unaendelea na usingizi wako, mimi silali tena, nangoja tena. Nikaona siku usiporudi, bora nisiwepo." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Leo nikaitwa jikoni nikaambiwa ndiyo siku yenyewe. Na mimi sikuwepo."

Muda wote ule nilidhani mke wangu kachoka na mimi, kumbe alikuwa kule Kikwe anaogopa, na mimi nimekaa Kikatiti na kiburi changu, kila mtu ananyoosha shuka lake.

Sherehe iliendelea, tena walicheza kuliko mwanzo, mshereheshaji akatangaza babu amerudi, na toka siku hiyo ukipita na mimi barabara ya Kikwe utasikia naitwa Babu Oksijeni hata na watoto wa shule, wananiamkia kwanza halafu ndipo wanalitaja. Naitikia yote mawili.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu habari za maduka yote mawili, na siku mbili tatu baadaye alinipigia simu, akaniambia nimpitie, twende kwa yule aliyeniuliza swali. Yule mama wa duka alipotuona hakunikumbusha maneno yangu ya ndoa, ana adabu yule, alitandika barakoa zake mezani, akasoma karatasi, akaiweka mashine kwenye kipimo cha daktari (upepo mdogo, hata hauzimi mshumaa, na ndio uliotakiwa), halafu akatuuliza tena, safari hii sisi wote wawili, nani atakuwa anaiangalia usiku.

Mama Elirehema akajibu, "Mimi."

Na mtu wa Elerai simlaumu. Nilitafuta mtu asiyeniuliza kitu, nikampata, na nimeapa kitu cha kuvaa usoni sinunui tena kwa mtu wa namna hiyo hata anisujudie. Ile mashine yake ninayo stoo.

Basi mke wangu akawa anaelekezwa. Shika hapa mama, legeza huku, sasa pitisha kidole taratibu pembeni, sikiliza kama hewa inatoka. Sisi si watu wa kushikana mbele za watu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na mke wangu amenisimamia, kidole chake kinapita shavuni, chini ya jicho, kando ya pua, kigumu kwa jembe, polepole, maana anajifunza na hataki kukosea. Akaniuliza kwa Kimeru kama kuna mahali panavuja. Nilionyesha kwa mkono upande wa kushoto, arudie.

Hapakuwa panavuja. Hilo sijamwambia mpaka leo, na ninyi msimwambie.