Rangi ya Ekzosi kwa Harusi ya Goreth

Apollinaire, jirani yangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hupenda kuitwa Injeniere. Kule Bukavu alikuwa akipaka rangi mageti, lakini njia ilikuwa ndefu, na wengi wetu tulifika kambini na vyeo vilivyokua njiani. Mimi nilikuwa mshonaji wa kawaida. Leo kibao changu kinasema Haute Couture.

Jambo moja tu hakufanya mzaha nalo. Alipokimbia vita alimbeba bintiye Goreth mgongoni, na akaapa kwamba siku ya harusi yake mtoto huyo hatakanyaga vumbi. Angefika kanisani kwa gari. Kwa hiyo mwaka 2012, Goreth alipochumbiwa, Apollinaire alikwenda Lilongwe, Area 25, kwa Bambo Kachingwe, mzee mwenye Pejo 404 ya zamani aliyoitunza kama yai. Ekzosi peke yake ndiyo ilikuwa imeliwa na kutu, kuanzia kwenye injini. Wakapatana: Apollinaire aipake rangi isiyoungua, mzee amwazime gari siku ya harusi.

Hapo mateso yangu yakaanza. Apollinaire alirudi na makopo matatu akayajaribia ubavuni mwa mbabula yangu, jiko langu la mkaa, maana mkewe Antoinette alimfukuza kwenye ya kwake. Rangi nyeusi ya milango ilifanya malengelenge kabla maji hayajachemka. Ya fedha, ile ya madirisha ya kanisa, iling'aa ajabu, kisha ikafuka moshi na kubanduka. Magamba yake niliyakuta kwenye nsima, ugali wa huku. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imepauka, na kopo lake liliandikwa kwamba inavumilia joto la nyuzi mia sita. Hiyo ilitulia. Nikaipikia maharage, nikaipikia tena, haikutikisika.

"Njo hii," nikamwambia. "Usitafute ingine."

"Mama Kankindi, lakini iko mubaya! Bantu batasema nini?"

"Nani anaangaliaka ekzosi?"

"Photographe! Nitafungua kapo, apige picha ya moteur."

Kupiga picha injini chini ya boneti! Hata hivyo alifanya kazi ya haki, nakiri. Alisugua kutu kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, akafuta mafuta kwa tina, akapaka kijivu kwa tabaka nyembamba, akawasha injini na kuizima mara kadhaa ili rangi iive polepole. Bambo Kachingwe akasema zikomo kwambiri, ahsante sana. Mtu mwingine angeishia hapo. Asubuhi ya harusi Injeniere wetu alichukua kopo la fedha lililobaki akapaka juu yake, kwa heshima ya wageni.

Sasa, harusi zetu mnazijua. Kwaya hutangulia kwa miguu ikiimba na kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, na gari la bibi harusi hufuata kwa mwendo huo huo. Injini ikapata moto bila upepo. Kufika sokoni, moshi ukatoka chini ya kapo, ukaingia madirishani. Kwaya ikadhani ni shetani, ikaongeza sauti. Nilikuwa natembea kando ya gari, nikafungua mlango nikamvuta Goreth nje. Sitadanganya, nilikuwa naokoa gauni nililomshonea.

Bambo Kachingwe, aliyekuwa akiendesha, alishuka akafungua kapo, akakwangua kidogo. Chini ya fedha iliyoungua, kijivu kilikuwa salama kabisa.

"Hii ilitosha," akasema kwa Kichewa. "Kwa nini uliifunika?"

Apollinaire alikuwa anatazama miguu ya bintiye kwenye vumbi, na machozi yalimtoka mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeandaa maneno makali juu ya mbabula yangu. Niliyaacha, nilimhurumia sana.

Goreth akainama, akavua viatu vyake vyeupe, akamwekea mikononi.

"Papa, ile siku ulinibeba miye. Leo ubebe tu viatu."

Wakaenda hivyo, yeye pekupeku, baba kando yake. Picha iko ukutani kwao mpaka leo. Injeniere amevikumbatia viatu kifuani kwa mikono miwili, mbele ya madhabahu, kwa sababu alisahau kuvirudisha.