Mlango wa Sikuzani

Shoga yangu Sikuzani alikuwa mpika maandazi hapa Gongoni, na mlango wake ulikuwa wazi tangu alfajiri. Mwanawe Mabruki alipopelekwa vita vya Kagera pamoja na mwanangu Omari, Sikuzani akaufunga. Ukipiga hodi haitikii. Mtu hupiga mara tatu, kisha huenda zake, ndiyo adabu yetu.

"Nisiyemkaribisha hawezi kuniletea msiba," alisema.

"Una wazimu wewe! Risasi inangoja uiambie karibu?" nilimcheka.

Mimi niliingia kwake kwa uani, na nilijidai siogopi. Lakini kila garimoshi likilia stesheni, niliacha kazi nikatega sikio.

Vita vikaisha, mji ukapiga ngoma. Siku moja tunakanda unga, tukasikia hodi ya mwanamume. Sikuzani akanishika mkono, vidole vyake baridi kama maji ya mtungi. Hodi ya pili. Ya tatu.

"Mama, ni mimi, Mabruki."

Sikuzani aliufungua mlango huku analia na kucheka. Mabruki akamkumbatia, lakini macho yake yalikuwa kwangu mimi. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama Omari."

Nikarudi kukanda unga. Nilijua nikiitikia, ataniambia Omari wangu kabaki huko.

Watu husema tulivamiwa, vita vilitulazimu. Sibishi. Ila anayesema vilistahili kupiganwa, basi salamu ile ya Mabruki aiitikie yeye. Mimi mpaka leo sijaiitikia.