Olindo na Siku ya Martino

Tangazo hili nililiandika mara tatu na kulifuta mara tatu, na si kawaida yangu. Tangazo la nyumba ya shamba hunimalizikia kabla kahawa haijapoa: mawe ya asili, boriti za mwaloni, mizeituni sitini, bahari inaonekana hewa ikiwa safi. Hewa huwa safi mara nne kwa mwaka, lakini hilo mnunuzi ataligundua akishahamia.

Kilichonikwamisha ni nyumba yenyewe. Kwenye karatasi zangu inaitwa Vila Ginestra, jina nililolibuni mwenyewe nikiwa nimekaa mezani. Watu wa hapa Montorvio wanaiita Ca' Tordo, yaani nyumba ya Tordo, kwa jina la utani la familia iliyolima pale zamani. Wa mwisho wa familia hiyo ni Olindo Brandimarte, fundi mwashi, mwenye miaka sabini na saba, na nikiandika habari za nyumba ile bila kumwandika yeye naona nimeandika nusu.

Mimi naitwa Ivano. Nilianza na ng'ombe. Udalali nilifundishwa na baba mdogo kwenye mnada wa Alhamisi, enzi zile dalali alipokuwa akiukamata mkono wa muuzaji na mkono wa mnunuzi, anaibana pamoja, kisha anaipiga katikati kwa kiganja kama anayepasua kuni. Ukishapigwa mkono, umeuza. Aliyegeuka baada ya hapo hakuuza tena hata kuku. Ng'ombe walipokwisha huku milimani, nikahamia kwenye nyumba walimokuwa wakilala ng'ombe. Faida yake ni kubwa zaidi na hazipigi mateke.

Olindo alizaliwa Ca' Tordo, katika chumba kilicho juu ya zizi, kwa sababu joto la wanyama lilipanda huko. Shamba lilikuwa la bwana mmoja wa mjini. Akina Brandimarte walilima nusu kwa nusu: nusu ya ngano kwa bwana, nusu ya divai, nusu ya nguruwe, na mayai kwa idadi. Mwaka 1958 baba yake Olindo alinunua baiskeli kuukuu. Msimamizi wa bwana akaikuta imeegemezwa ukutani, akajiuliza kwa sauti kubwa mtu wa nusu kwa nusu baiskeli ameitoa wapi. Hayo tu yalitosha wafukuzwe.

Mikataba yote ya mashamba kwetu iliisha siku ya Mtakatifu Martino, tarehe kumi na moja Novemba, na aliyefukuzwa alihama siku hiyohiyo. Ndiyo maana mpaka leo mtu wetu akihama, hata kama anatoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu, tunasema anafanya Martino. Vijana wanalisema wakicheka. Olindo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikaa juu ya mkokoteni akiwa amepakata tenga la kuku, mvua inanyesha, na mama yake amelalia magodoro ili yasilowe. Hayo hakunisimulia yeye. Nilikuwepo. Walihamia banda lililokuwa jirani na kwetu, na baba yangu, naye wa nusu kwa nusu, alikwenda kuwasaidia kushusha. Nilikuwa na miaka tisa, na nakumbuka kuku mmoja alikuwa amekufa ndani ya tenga lakini Olindo hakutaka kulitua.

Akakua, akawa mwashi. Mwashi wa kweli, siyo hawa wa saruji na haraka. Chokaa aliizimisha mwenyewe kwa maji shimoni na kuiacha mwaka mzima. Ukuta uliopinda aliutazama kwa jicho moja, ndipo akautundikia timazi, na timazi lilikubaliana na jicho. Wageni wa kaskazini walipoanza kununua magofu yetu, kila nyumba niliyoiuza mimi aliifufua yeye. Nilimletea kazi, akaniletea sifa. Miaka thelathini tulikwenda hivyo, naye hakuwahi kunigombanisha na mteja hata mmoja. Alikuwa na neno moja tu alilopenda kuwaambia wageni walipotaka zizi ligeuzwe sebule: "Mmechagua vizuri, mama. Ng'ombe walikaa vizuri kuliko sisi."

Mwaka 2003, Injinia mmoja wa Milano alirithi mashamba ya yule bwana na akanipa Ca' Tordo niiuze. Paa lilikuwa limeanguka, na mtini umeota jikoni. Sikuwa nimechapisha hata mstari mmoja Olindo alipoingia ofisini kwangu na vumbi lake, akasimama, kiti hakukitaka.

"Ya Injinia nainunua mimi," alisema.

Nikamwambia bei ni euro elfu sitini na tano. Akasema anazo sitini na mbili, na tatu atazipata akiuza gari la kazi na kubaki na la mke wake. Hakuomba kupunguziwa. Mtu anayejua bei ya kila jiwe hakuomba kupunguziwa, na mimi nilipaswa kuelewa pale pale kwamba hii si biashara. Nilimpigia Injinia simu mbele yake, Injinia akakubali. Ungekuwa mnada wa Alhamisi ningewapiga mikono na mambo yangeishia hapo. Lakini mkono mmoja ulikuwa Milano. Tukaachana kwa maneno tu, tukisubiri siku ya kwenda kwa wakili wa hati.

Wiki moja baadaye wakaja Waholanzi wawili, Joost na mkewe Marijke. Niliwaonyesha nyumba mbili nyingine. Wakiwa njiani waliuona mtini umetoka dirishani Ca' Tordo, wakasimamisha gari. Nikawaambia imeshachukuliwa. Joost akasema ikitokea haijachukuliwa, yeye atatoa tisini na tano. Hakuongeza neno. Nilimheshimu kwa hilo.

Ofisi ya wakili wa hati ikanipa siku mbili za kuchagua: Jumanne tarehe kumi na moja Novemba, au Alhamisi tarehe kumi na tatu. Injinia alisema zote sawa kwake. Nikachagua Jumanne.

Nimejieleza mambo mengi kuhusu uchaguzi huo. Kwamba Alhamisi ni siku ya mnada. Kwamba mwaka 2003 hakuna mtu mwenye akili anayeogopa tarehe. Sikumdanganya Olindo, wala sikumwibia. Nilimpigia simu nikamwambia siku.

"Siku yoyote, Ivano," akasema. "Hata Jumapili. Siyo hiyo."

"Olindo, ndugu yangu, unakwenda kuingia, siyo kutoka."

"Muulize kama kuna nyingine."

Nikamwambia nitauliza. Sikuuliza, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo kwenye shajara. Siku ya pili nikampigia nikasema haiwezekani, Injinia ana shughuli zake, na yeye afikirie vizuri, asiwe kama bibi wa kijijini. Akasema haji, na akakata simu.

Jumanne ile Injinia aliendesha gari kwa muda wa saa tano kutoka Milano. Tulikaa mbele ya meza ya wakili, mimi, yeye, na kiti cha tatu kitupu. Mvua ilianza kama saa nne asubuhi. Ilipofika saa tano Injinia akafunga mkoba wake akaniuliza kama nina desturi ya kumletea watu wa namna hii. Nikamwambia yuko mwingine, na anatoa zaidi. Kabla ya Krismasi Waholanzi walikuwa na ufunguo.

Waliponiuliza fundi, niliwatajia Olindo. Kulikuwa na aibu ndani yake, sikatai, lakini pia hakukuwa na fundi mwingine wa kiwango chake. Sikutegemea angekubali. Alikubali. Alifanya kazi pale miaka miwili, na wenzake waliniambia mambo mawili: kwamba hakuna nyumba aliyoijenga taratibu kama ile, na kwamba saa ya chakula alitoka na mkate wake, akaenda kukaa kwenye ukuta wa nje, hata theluji ikianguka. Marijke alimwandalia nafasi jikoni mara nyingi. Alimshukuru, akatoka.

Mkewe, Nerina, hakunisemesha mwaka mzima. Siku aliponisemesha ilikuwa sokoni, kwenye foleni ya jibini, mbele ya watu. "Ivano, ukifa watakuzika na mita yako ya kupimia," alisema. "Uone kama kaburi halijapunjwa." Watu walicheka, na mimi nikacheka. Nilinunua jibini nisilolihitaji.

Olindo mwenyewe hakuniambia kitu. Tuliendelea kufanya kazi, kunywa divai nyeupe kwenye baa ya Settimio, kucheza karata. Akipoteza alilipa, akishinda hakujigamba. Nikajiambia amesahau. Ni rahisi kuamini mtu amesahau akiwa hakudai.

Sasa Waholanzi wamezeeka. Magoti ya Joost hayapandi tena ngazi za nje, na watoto wao hawataki kitu kisicho na duka karibu. Mwezi Septemba waliniita, tukapanga bei: laki nne na elfu ishirini. Nilisaini karatasi zao, na badala ya kurudi ofisini nikaendesha mpaka kwa Olindo.

Nerina alifungua mlango na unga mikononi. "Leo umekuja na mita au bila?"

Nikamwambia bila. Akanipisha. Olindo alikuwa mezani, anamenya chestinati, kokwa za msituni kwetu, kwa kisu kidogo, mikono yake imekunjika vidole kama inayoshika mwiko ambao haupo. Nilimwambia nyumba inauzwa. Akauliza bei, nikamtajia. Akaendelea kumenya.

"Umekuja kuniuzia?"

"Hapana."

"Basi umekuja kunipa habari. Umenipa."

Nikamwambia ipo nyingine. Maneno niliyokuwa nimeyapanga garini yalinipotea yote, mimi ninayelipwa kwa maneno. Nikasema tu kwamba mwaka ule wakili alikuwa ametoa siku mbili, na ya pili ilikuwa tarehe kumi na tatu, na niliyechagua nilikuwa mimi. Nikasema nilijua asingekuja.

Olindo aliweka chestinati moja kwenye bakuli, akachukua nyingine.

"Najua," alisema. "Karani wa wakili ni binti wa dada yake Nerina. Alituambia wiki ileile."

Miaka ishirini na moja. Karata, divai, nyumba labda kumi na tano tulizofanya pamoja. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kunitukana hata siku moja.

"Kwa sababu nilikuja," akasema. "Wewe hukuniona. Nilivaa koti la harusi. Nerina aliendesha, mimi nimekaa pembeni, hundi ya benki iko kwenye bahasha nimeipakata, hivi." Akaweka mikono yote miwili mapajani. "Tukafika kona ya kanisa. Mvua ikaanza. Nikatazama mapajani, nikaona tenga."

Nerina alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na unga umeanza kumkauka vidoleni.

"Akaniambia geuza," alisema Nerina, si kwangu hasa. "Nikageuza. Ilikuwa imebaki nini pale, mita mia tatu? Ningekanyaga mafuta. Miaka yote hii najiambia, ningekanyaga tu mafuta, angenitukana mpaka mlangoni kwa wakili na angeingia."

"Ningeingia," alisema Olindo.

Kwa hiyo tulikuwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipande chake alichokificha ndani ya nyumba moja. Kipande changu ndicho kikubwa, hilo silipunguzi. Wao waliogopa, mimi niliwapangia mahali pa kuogopa. Nilitaka kumwambia kwamba udalali wangu wa safari hii, fedha yote, ni yake. Nilishafungua mdomo. Alinitazama kwa jicho lile moja la kutazamia ukuta, nikaufunga.

Aliniuliza nitaandika nini kwenye tangazo. Nikamwambia yale yale, mawe na boriti na bahari.

"Andika paa halivuji," alisema. "Bahari mtu yeyote anaweza kuandika."

Nimeandika paa halivuji. Jina nimeliacha Vila Ginestra, maana Ca' Tordo haiuziki kwa watu wa mbali, na Waholanzi wamenipa kazi ya kuuza, siyo ya kutubu. Mnunuzi nilimpata kabla mwezi haujaisha, daktari na mumewe kutoka Ujerumani. Walipanda juu ya zizi, wakasimama katika chumba kile, wakasema kina joto la ajabu. Nikawaambia ni kazi ya fundi mzuri.

Jana ofisi ya wakili ilipiga simu kupanga siku ya kusaini. Yule binti wa shemeji yake Olindo alishastaafu. Sasa yuko msichana mpya, mchangamfu, anayeongea haraka. Akasema ana nafasi nzuri sana Jumatatu ya tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi, wote wanaweza. Haimsaidii Olindo kitu. Hatakuwepo, na jina lake halimo kwenye hati hata kwa herufi moja. Nikamwambia anipe siku nyingine.

"Kuna nini tarehe hiyo, bwana Ivano?"

Nikamwambia siku hiyo sifanyi kazi. Akacheka, kwa sababu miaka miwili yote aliyokaa pale hajawahi kusikia siku ambayo mimi sifanyi kazi.